Sarafu za sadaka: mpe mtoto seti yenye pengo

Ukitaka kumchosha haraka mtoto anayeanza kupenda sarafu, mpe mfuko uliojaa. Wauzaji wa Ulaya huuza sarafu za dunia kwa kilo, na watu wenye moyo wa kutoa huzinunua, wakazibeba hadi Dar es Salaam au Mombasa na kuzimwaga juu ya dawati. Kilo moja, ukikadiria gramu tano kwa kipande, ni sarafu kama mia mbili. Humo mna pfenigi za Ujerumani, peseta za Uhispania, groszi za Poland. Mtoto wa darasa la tano anachambua nusu saa, anachagua zinazong'aa na zenye tundu, kisha zilizobaki zinarudishwa mfukoni na mfuko unafungiwa kabatini kwa mwalimu. Amepewa vingi, ila hakuachiwa cha kutafuta.

Kwa hiyo ushauri wa makala hii ni mmoja, na mengine yote yanaufuata: toa kidogo, toa kilichopangwa, na acha nafasi tupu kwa makusudi. Mtoto mwenye kadi kumi na sita za kuhifadhia sarafu, nane kati yake zikiwa hazina kitu, atakwenda kumuuliza bibi yake kuhusu kopo la vifungo, atamwomba mwenye duka amwonyeshe chenji, atabadilishana na mwenzake. Hapo ndipo anapokuwa mkusanyaji.

Seti ya 1966

Kwa Afrika Mashariki, seti ya kuanzia iliyo bora kuliko zote ni ya mwaka mmoja na nchi tatu. Hadi mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919. Mwaka huo kila nchi ikatoa ya kwake: Tanzania tarehe 14 Juni, Uganda 15 Agosti, Kenya 14 Septemba. Sarafu zenye tarehe hiyo ni kumi na sita. Tanzania ina nne: senti 5 ya shaba yenye pembe kumi na mbili na samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi 1 yenye mkono ulioshika mwenge. Kenya ina sita: senti 5, 10, 25 na 50, shilingi 1 na shilingi 2. Uganda nayo ina sita: senti 5, 10 na 20 zenye pembe za ndovu, kisha senti 50, shilingi 1 na shilingi 2 zenye korongo mwenye taji.

Nani apewe zipi? Kanuni ni kumpa mtoto zile ngumu kupatikana alipo, na kumwachia rahisi. Mtoto wa Tabora mpe zote sita za Uganda, pamoja na senti 25 na shilingi 2 za Kenya, ambazo baadaye ziliachwa. Hizo ni nane. Nne za Tanzania na nne za Kenya zilizobaki azitafute mwenyewe. Za Tanzania atazipata kwenye makopo ya cherehani na mitoto ya kabati za wazee. Za Kenya atazipata kwa kubadilishana. Mtoto wa Kisumu mgeuzie hesabu: mpe za Tanzania na chache za Uganda, mwachie za kwao zilizo rahisi.

Wafadhili wengi hufanya kinyume. Huwapa watoto zile rahisi kwa sababu ndizo walizo nazo nyingi, na ngumu hubaki pengo. Mtoto anahangaika mwaka mzima na senti 25 asiyoweza kuiona popote, mwisho anaacha. Kabla ya kufunga vifurushi, keti na watu wawili wa mtaa ule na uwaulize ni sarafu gani bado zipo majumbani. Swali hilo linaokoa fedha nyingi.

Kuna seti nyepesi zaidi ya kumwanzishia mtoto wa miaka minane au tisa, nayo haihitaji mfadhili kutoa sarafu hata moja. Atoe kadi tu. Kwa Tanzania ni chenji ya leo: shilingi 50 yenye faru, 100 yenye swala, 200 yenye simba na 500 yenye nyati, ile iliyoanza mwaka 2014. Zote nne ni shilingi 850. Kwa Kenya ni toleo la Desemba 2018: shilingi 1 yenye twiga, 5 yenye faru, 10 yenye simba, 20 yenye tembo. Toleo hilo halina sura ya rais kwa sababu Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha. Mpe mtoto wa Kenya shilingi moja ya zamani yenye Mzee Kenyatta na nyingine yenye Moi, aziweke kando ya ile ya twiga, na aeleze mwenyewe kilichobadilika.

Sarafu zinazosomeka

Mtoto hupenda sarafu anayoweza kuisoma hadi ikamjibu swali. Bei haina uzito kwake, na ung'avu unamchosha baada ya wiki. Kwa bahati, pwani yetu ina sarafu za namna hiyo, na baadhi ni za bei nafuu sana.

Chukua zile za shaba zenye tundu za mwaka 1936, senti 5 na senti 10, zilizoandikwa EDWARDVS VIII. Edward wa Nane aliacha ufalme Desemba mwaka huohuo kabla ya kuvikwa taji, na Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuingia mzungukoni. Zetu ziliingia kwa sababu katikati pana tundu: palihitajika taji na jina tu, hakuna sura ya kusubiri msanii aichonge. Na kuna utamu zaidi. Zilipigwa katika viwanda vitatu. Zenye herufi ndogo H ni za kiwanda cha Heaton, Birmingham. Zenye KN ni za King's Norton, jirani yake. Zisizo na herufi ni za London. Thamani mbili, viwanda vitatu, kadi sita. Mpe mtoto mbili na lenzi, umwambie nyingine nne zipo. Mtoto anayejifunza kutafuta herufi ya ukubwa wa punje ya mtama kwenye shaba iliyochakaa ameshavuka nusu ya njia, na hatasahau tena kutazama alama ya kiwanda kwenye sarafu yoyote.

Nyingine ni pesa ya shaba ya Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, ya miaka 1890 hadi 1892. Upande mmoja una tai na jina la kampuni kwa Kijerumani, pamoja na mwaka wa Kizungu. Geuza: maandishi ni ya Kiarabu, na chini yake mwaka wa Hijria, ١٣٠٧, ١٣٠٨ au ١٣٠٩. Mtoto aliyepita chuo cha Kurani anasoma upande huo papo hapo, wakati mfadhili aliyeitoa amekwama. Mpe pamoja nayo paisa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, yenye mizani na mwaka ١٢٩٩, halafu mfundishe hesabu: mwaka wa Hijria zidisha kwa 0.97, ongeza 622. 1299 inatoa 1882. Atataka kujua kama kanuni hiyo ni ya kweli. Mpe paisa ya Mombasa ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, inayobeba miaka yote miwili, 1306 na 1888, aipime mwenyewe. Atapata 1888 na ushee, na atauliza huo ushee umetoka wapi. Mjibu kwamba mwaka wa Hijria kwa kawaida huanzia ndani ya mmoja wa Kizungu na kuishia ndani ya unaofuata.

Hela ya Mjerumani, iliyoanza 1904 pale rupia ilipogawanywa kwa mia, ina herufi A kwa Berlin na J kwa Hamburg. Zile za vita za mwaka 1916, za hela 5 na hela 20, zina T ya Tabora. Hela 20 za Tabora zipo za shaba nyekundu na za shaba nyeupe iliyoelekea manjano, zimepigwa kwa haraka, nyingi zikiwa na kingo zisizo sawa. Kama una kumi za kutoa, usichague nzuri tu. Mtoto anajifunza zaidi kwa kuweka iliyopigwa vizuri kando ya iliyopigwa vibaya.

Zipo pia za kufanyia majaribio. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba mbele ya milima ilikuwa na fedha robo nzima kuanzia 1921 hadi 1946. Kuanzia 1948 haina fedha kabisa, ni shaba na nikeli, ingawa simba ni yuleyule. Na shilingi moja ya Tanzania ya 1966 haishikwi na sumaku, lakini ya 1987 inanasa, kwa kuwa ndani ni chuma kilichovikwa nikeli. Sumaku ya spika iliyokufa inatosha kwa darasa zima. Hakuna somo la fedha kushuka thamani linaloeleweka haraka kuliko hilo.

Zipi zisiingie kwenye kifurushi

Toa kwanza zilizosuguliwa. Sarafu iliyosuguliwa kwa ndimu, majivu, dawa ya meno au dawa ya kung'arishia shaba huonekana nzuri machoni mwa mtu asiyejua, lakini ngozi yake imeshatoka na rangi yake ni ya waridi iliyopauka, yenye mikwaruzo midogo inayokwenda upande mmoja. Mtoto akianza na hizo atadhani ndivyo sarafu zinavyotakiwa kuwa, na atazisugua nyingine zote alizo nazo. Weka moja tu kwenye sanduku la shule, kando ya ambayo haijaguswa, kama funzo.

Pili, zenye unga wa kijani mpauko unaorudi hata baada ya kufutwa. Huo ni ugonjwa wa shaba: chumvi zilizojificha ndani ya chuma zinafanya kazi na unyevu wa hewa. Hewa ya Zanzibar na Mombasa inazipa chakula mwaka mzima. Usichanganye na ile rangi ya kijani ngumu, yenye uso laini, iliyoshikamana na sarafu. Hiyo haina neno. Jaribu kwa kijiti cha meno: ikitoka kama vumbi, sarafu hiyo itengwe.

Tatu, zenye utelezi wa kijani. Zimekaa kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, ile yenye harufu ya pazia jipya la bafuni. Plastiki hiyo inatoa mafuta na asidi kidogo kidogo, na shaba inageuka. Utelezi huo hutolewa na asetoni halisi, na kazi hiyo ni ya mtu mzima, nje ya nyumba, mbali na moto, kwenye chombo cha kioo. Dawa ya kutoa rangi ya kucha yenye manukato haifai, maana huacha mafuta yake. Chovya, subiri, suuza kwa asetoni nyingine safi, acha ikauke yenyewe bila kufuta.

Za bandia zinaweza kuingia, kwa sharti kwamba zimeandikwa. Riyali ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya malkia wa Austria, ni mfano wenye utata mzuri: kila moja imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini zimeendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo Vienna, London, Bombay, Birmingham na kwingineko hadi karne ya ishirini. Hizo si bandia. Ni marudio halali. Zipo pia za bandia kweli, na mizani inasema: ya halali ina gramu 28.07 na kipenyo cha karibu milimita 40. Kwa kuwa ina fedha nyingi, riyali isigawiwe mtoto mmoja mmoja. Iwe moja, ya shule.

Tope na jasho la kawaida huhitaji maji yaliyotoneshwa (ya mvuke uliopozwa) na tone la sabuni ya maji, sarafu ilowe usiku kucha, kisha ikandamizwe kwa kitambaa cha pamba bila kusugua. Sarafu za chuma kilichovikwa, yaani nyingi za siku hizi, usiziloweke. Maji hupenya ukingoni palipokwanguka na kutu huanza kabla ya wiki kwisha.

Kadi, kalamu na pini

Fedha nyingi ya mfadhili iende hapa. Sarafu ishirini zisizo na mahali pa kukaa ni ishirini zitakazopotea.

Kadi za kukunja zenye dirisha la plastiki, sentimita tano kwa tano zikishakunjwa, ndizo bora kwa bei. Plastiki ya dirisha iwe ile ngumu inayochakarika; uliza muuzaji kama ina PVC, na akisita, acha. Ukubwa wa dirisha una maana. Senti 5 yenye tundu ina milimita 25 na nusu, ikae kwenye dirisha la 27.5. Shilingi ya simba ina karibu 28, ikae kwenye 30. Senti 10 yenye tundu ina karibu 31, inataka 32.5. Dirisha likibana, plastiki hupasuka kwenye kona. Likipwaya, sarafu hutembea na kujisugua kila begi linapotikisika njiani kwenda shule.

Mtoto aandike kwanza, kabla ya kufunga, kwa penseli. Wino wa kalamu hupenya karatasi na ukikutana na joto huhamia upande wa pili. Aandike nchi, thamani, mwaka, chuma, alama ya kiwanda kama ipo, mahali alipoipata na tarehe. Hilo la mahali alipoipata watu hulidharau, na ndilo lenye thamani kubwa baada ya miaka kumi.

Kisha pini tatu za stepla, moja kila upande ulio wazi, mbali na dirisha. Sasa lile linalosahauliwa karibu kila mahali: chukua koleo, bana kila pini hadi miguu yake ilale bapa. Miguu ya pini iliyosimama hukwaruza sarafu ya kadi ya jirani, na kadi hukaa zimebanana. Na mtoto akitaka kuitoa sarafu, pini zitoke kwanza, zote. Akiichomoa kwa kulazimisha, ncha ya pini itachora mstari usoni pa sarafu, na mstari huo haufutiki.

Pasipo kadi, bahasha ndogo za karatasi nyeupe safi zinafaa kwa shaba na nikeli. Za kaki huifanya fedha kuwa nyeusi upesi. Kadi zikae wima kwenye sanduku la viatu la ukubwa wa mtoto, pamoja na vifuko viwili vya chembe za kukausha unyevu, vile vinavyokuja na viatu au simu, vibadilishwe mara kwa mara wakati wa masika. Sanduku likae juu ya kabati, mbali na ukuta unaovuja na mbali na jiko.

Kwa kundi la watoto ishirini nunua lenzi tano zinazokuza mara tano hadi kumi, mizani moja ya masonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kalipa moja ya plastiki ya kupimia kipenyo, koleo mbili, stepla mbili, na kitambaa kinene cha kufunika meza. Kitambaa ni muhimu kuliko mizani. Sarafu ikianguka kwenye sakafu ya saruji hupata jeraha ukingoni. Katalogi ya Numista, orodha ya sarafu za dunia, ipo bure mtandaoni. Shule isiyo na intaneti ichapiwe kurasa za sarafu zilizomo kwenye seti tu, zisizidi kumi.

Zipatikane kwa kazi

Chama cha wanasarafu cha Marekani, American Numismatic Association, kilichoanzishwa 1891 na chenye makao Colorado Springs, kina mpango wa vijana ambao unafaa kuigwa. Wanachama hutoa sarafu. Vijana hawagawiwi bure. Hupata fedha za mchezo kwa kuandika makala, kutoa mada, kujitolea kwenye maonesho, kisha huzitumia kwenye mnada wa sarafu zilizotolewa. Mfadhili anatoa bila kudai kitu, na kijana anachukua alichokifanyia kazi.

Kwa klabu ya shule yetu toleo dogo linatosha. Alama 5 kwa kadi iliyojazwa sawasawa, zisizidi kadi tatu kwa wiki. Alama 20 kwa maelezo ya dakika tano mbele ya wenzake kuhusu sarafu moja. Alama 15 kwa kuleta sarafu ya nyumbani kwa ruhusa iliyoandikwa ya mzazi, kuitambua, na kuirudisha. Mwisho wa muhula, mnada. Vitu vya mnada vionyeshwe wiki moja kabla, ili mwenye alama chache apange anakusudia nini.

Mambo mawili huharibika. La kwanza, mtoto mmoja mwenye kasi anakusanya alama nyingi na kuzoa meza nzima. Dawa ni kumruhusu kila mtoto ashinde vitu viwili tu kwa mnada. La pili ni mfumuko wa bei, tena wa kweli kabisa. Mwalimu mkarimu akigawa alama ovyo wiki za mwisho, senti 5 iliyoanzia alama 10 inapanda hadi 80 na wadogo wanalia. Hesabu alama zote zilizogawiwa, gawanya kwa idadi ya vitu, na jibu likivuka bei ya kuanzia mara nne, ongeza vitu au simamisha alama. Waeleze watoto kwa nini umefanya hivyo; wataelewa habari za benki kuu kuliko wazazi wao.

Sarafu za mnada zisiwe na tofauti kubwa ya thamani. Kipande kimoja cha bei kubwa katikati ya vya bei ndogo kinaleta ugomvi, wizi, au mjomba anayekuja kesho yake kuuliza dukani itanunuliwa kwa kiasi gani.

Za thamani, za kale, na za kusafiri

Kuna anayetaka kutoa kilicho kikubwa. Dhahabu ya rupia 15 ya Tabora ya 1916, yenye tembo mbele ya milima, ina thamani ya maelfu ya dola, na za bandia ni nyingi. Hiyo usimpe mtoto wala klabu. Ithibitishwe, iuzwe kwa njia halali, na fedha yake inunue kadi, lenzi na seti za 1966 kwa shule kadhaa. Au ipewe makumbusho yenye ulinzi na daftari la mapokezi.

Sarafu zilizookotwa ardhini kwenye magofu ni jambo jingine kabisa. Vipande vya shaba vya masultani wa Kilwa, vyenye majina kama Ali bin al-Hasan, havitolewi, haviuzwi, havibadilishwi. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya 2006. Mtoto akiokota, apige picha mahali ilipo na aende kwa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho iliyo karibu. Kwa darasani picha iliyochapwa inatosha, hasa ukisimulia kwamba mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje huko.

Walioko Muscat, London au Toronto wasitume sarafu kwenye barua ya kawaida. Kanuni za posta za kimataifa zinakataza. Zinahitaji kifurushi chenye bima, na baadhi ya nchi hazipokei hata hivyo. Njia rahisi ni msafiri. Zikae kwenye begi la mkononi, kilo mbili zisizidi, pamoja na orodha iliyochapwa: nchi, mwaka, idadi, na neno moja kwamba ni zawadi kwa shule. Kwenye mashine ya ukaguzi kilo mbili za chuma huonekana kama donge jeusi, hivyo begi litafunguliwa. Orodha ikiwa juu, ukaguzi unakwisha upesi. Aliyeko Oman atazame pia sarafu ya robo ana ya shaba ya Sayyid Faisal bin Turki, ya mwaka 1315 Hijria. Inakaa vizuri kando ya paisa ya Barghash, na hesabu ya 0.97 inafanya kazi vilevile.

Daftari na watu wazima

Kila msaada uandikwe mara mbili, nakala kwa mtoaji na nakala kwa shule: tarehe, idadi, maelezo, na kama ni za kugawa au za sanduku la shule. Hizi mbili zisichanganywe. Sanduku la shule liwe na sarafu thelathini hadi arobaini ndani ya albamu, karatasi moja yenye picha za zote, na zihesabiwe kabla na baada ya kila kikao, mbele ya watoto. Usiandike thamani ya fedha kwenye orodha inayobandikwa ukutani.

Watoto wabadilishane wenyewe kwa wenyewe, mbele ya mwalimu, na mabadilishano yawe na siku moja ya kujutia: kesho yake asubuhi yeyote anaweza kurudisha. Mtu mzima asibadilishane na mtoto, hata awe mfadhili. Anajua bei, mtoto hajui, na hata akiwa mwaminifu hakuna atakayeamini. Picha za watoto wakiwa na sarafu zao zisiwekwe mtandaoni na jina la shule.

Mfadhili akitaka kujua kama msaada wake umefanya kazi, arudi baada ya muhula na aombe kuona kadi tupu. Kati ya mapengo manane aliyoyaacha, mangapi yamejazwa, na sarafu hizo zimetoka wapi? Pengo moja likiwa tupu kwa karibu kila mtoto, hiyo ndiyo sarafu ya kuleta safari ijayo, tena chache kuliko idadi ya watoto, ziingie mnadani.